Kamera ya picha kwenye simu za video: jinsi nilivyoifanya ikubali

Kamera ya laptop yangu ilinionyesha kama mtu aliyejificha pangoni, ilhali kamera nzuri ya picha imelala kabatini. Nikaichomeka kwa waya wa USB. Kompyuta ikaona kadi ya kumbukumbu tu.

Nikanunua kifaa kidogo cha kunasa video: waya wa HDMI (unaobeba picha na sauti) kutoka kwenye kamera unaingia upande mmoja, USB inatoka upande wa pili. Picha ikaja, tena safi, ila na takataka zake: alama ya betri pembeni na kile kimraba cha fokasi kikinifuata puani. Jioni nzima ikaishia hapo. Kumbe dawa ilikuwa kwenye menyu ya kamera, sehemu ya HDMI: kuzima uonyeshaji wa taarifa. Si kila kamera inayo, kwa hiyo angalia kabla ya kutoa hela.

Kamera kujizima katikati ya mazungumzo nilikumaliza kwa kufuta kizima-otomatiki na kuweka betri bandia, yaani umbo la betri lenye waya wa umeme.

Sauti nayo ilitangulia midomo. Nikachomeka maikrofoni kwenye kamera yenyewe, sauti ipite HDMI pamoja na picha. Zikalingana.