Siku Moja na Mpira Uliorushwa Juu

Saa 12 asubuhi nilikuwa mezani nikisahihisha jaribio la fizikia, na nilipofika karatasi ya 15 nilianza kujionea haya mwenyewe. Swali liliuliza mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, wa mpira uliorushwa wima pindi unapofika kileleni. Karibu wanafunzi wote waliandika sifuri, wakieleza kwamba hapo mpira "umesimama". Neno hilo walilipata kwangu.

Saa 2 nilisimama mbele ya darasa nikalifuta. Kitu kilichosimama huendelea kusimama, ilhali mpira huipitia kasi ya sifuri kwa nukta moja tu ya wakati: tukipuuza ukinzani wa hewa, sekunde 0.1 kabla ya kilele ulikuwa ukipanda mita 0.98 kwa sekunde, na sekunde 0.1 baadaye unashuka kwa kasi iyo hiyo. Kasi imebadilika kwa mita 1.96 kwa sekunde ndani ya sekunde 0.2, hivyo mchapuko ni mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kuelekea chini, kileleni kama kwingineko.

Saa 4 mwanafunzi mmoja aliuliza swali nililokuwa nikilingoja: kasi ya nukta moja hupatikanaje, ikiwa hakuna muda wa kugawia? Tulichukua jiwe linaloanguka, ambalo umbali wake kwa mita ni 4.9 mara mraba wa sekunde zilizopita, tukatafuta wastani wa kasi kuanzia sekunde ya 1. Kwa muda wa sekunde 0.1 tulipata 10.29, kwa 0.01 tukapata 9.849, na kwa 0.001 tukapata 9.8049. Hatukugawa kwa sifuri hata mara moja; tulitazama tu namba inayokaribiwa, nayo ni 9.8.

Mchana ulimezwa na vikao.

Saa 8 maabara ilikuwa na maji ya nyuzi 80 katika chumba cha nyuzi 25. Dakika 5 za kwanza yalipoteza nyuzi 9, na 5 zilizofuata nyuzi 7.5, kwa kuwa kiwango cha kupoa hufuata tofauti kati ya joto la maji na la chumba. Mchoro wa joto la maji dhidi ya muda ulizidi kulala kadiri tofauti hiyo ilivyopungua. Mimi huona mchoro kama huu unafundisha kuliko kanuni kumi ubaoni.

Saa 10, wengine wakikusanya vyombo, mwanafunzi mmoja aliilaza sumaku ndani ya koili ya waya akaukodolea macho mshale wa galvanomita, kifaa cha kupima umeme mdogo, ambao haukutikisika. Nilimwambia kwamba mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kuwa umeme ndani ya koili huletwa na mabadiliko ya usumaku, si na wingi wake.

"Basi ni kinyume cha mpira, mwalimu," alisema. "Kule kasi haipo lakini inabadilika, hapa usumaku upo tele lakini haubadiliki."

Akaichomoa sumaku ghafla, na mshale ukaruka.