Kwa nini madoa ya Jua bado yanahesabiwa kwa macho

Mara nyingi huulizwa, na swali ni la haki, kwa nini mtu mwenye darubini ndogo aendelee kuhesabu madoa ya Jua ilhali setilaiti hulipiga Jua picha usiku na mchana. Mimi ni miongoni mwa wanaojitolea kuifanya kazi hiyo, na jibu langu ni kwamba thamani ya kumbukumbu hii imo katika urefu wake, nao urefu huo hauwezi kupatikana kwa chombo kipya, hata kiwe bora namna gani.

Doa hutokea pale ambapo nguvu kubwa ya sumaku huzuia joto la ndani ya Jua lisipande juu, hivyo sehemu hiyo hupoa kiasi na kuonekana nyeusi. Madoa yametazamwa kwa darubini tangu mwaka 1610, lakini aliyebaini kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko alikuwa mfamasia wa Dessau, Ujerumani, Heinrich Schwabe. Alianza mwaka 1826 akitafuta sayari iliyodhaniwa kulizunguka Jua kwa karibu kuliko Utaridi. Sayari hiyo haipo, ila kwa kuyaandika madoa kila siku ya anga safi kwa miaka mingi, aliuona mzunguko ambao leo tunajua huchukua wastani wa miaka 11.

Baadaye Rudolf Wolf wa Uswisi aliweka kanuni tunayoifuata hadi sasa: idadi ya makundi huzidishwa kwa 10, kisha hujumlishwa na idadi ya madoa yote. Makundi 4 yenye madoa 23 hutoa 63, na doa moja la pekee hutoa 11, kwa kuwa lenyewe huhesabiwa pia kuwa kundi. Jumla hiyo huzidishwa kwa kizio cha mwangalizi, yaani namba ya kurekebisha hesabu yake, kinachopatikana kwa kumlinganisha na wenzake, kwa sababu macho, lenzi na utulivu wa hewa hutofautiana. Kwa hiyo hakuna anayedai nione sawasawa na mwingine. Ninachotakiwa ni kutobadilika. Nitumie darubini ileile na ukuzaji uleule, na nisiongeze doa hata moja baada ya kutazama picha za setilaiti. Nikiona mawili, naandika mawili. Kwangu mimi, hiyo ndiyo nidhamu nzito kuliko zote.

Ugumu hasa umo katika kutenganisha makundi. Jua linapochangamka, makundi mawili huweza kukaribiana hadi yakaonekana kama moja, na uamuzi huo mmoja hubadilisha hesabu kwa 10. Kundi lililokomaa aghalabu hutandaa kutoka mashariki kwenda magharibi, likiwa na doa kubwa mbele na mengine nyuma yake, na kwa kuwa huchukua takriban wiki mbili kulivuka Jua, anayelifuatilia kila siku hujua lilikoanzia. Hapo ndipo naona ubora wa kuchora kwa mkono: penseli humlazimisha mtu aamue mpaka uko wapi. Hisako Koyama wa Japani alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 40, akaacha michoro zaidi ya 10,000 ambayo wataalamu huitegemea wanapooanisha hesabu za vipindi mbalimbali.

Kuhusu usalama sina mzaha: kichujio maalumu cha Jua kifunike mdomo wa mbele wa darubini, na darubini ndogo ya kulengea nayo ifunikwe. Vichujio vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho huweza kupasuka kwa joto na kumpofusha mtu papo hapo.

Tangu mwaka 1981 hesabu za dunia nzima hukusanywa Brussels, Ubelgiji, katika kituo ambacho leo huitwa SILSO, na wengi wanaozituma hawalipwi. Siku isiyo na doa nayo hutumwa, kwa kuwa sifuri iliyoandikwa ni tofauti na siku ambayo hakuna aliyetazama. Natamani wageni waongezeke mapema, kabla waangalizi wa miaka mingi hawajapumzika, maana kizio cha mwangalizi mpya huaminika tu akiwa amehesabu kwa muda mrefu sambamba na wale waliomtangulia.