"Mmeelewa?" imepigwa marufuku

Wengi mnaniuliza: mwalimu mzima, umerudi kusomea nini tena? Nasoma uzamili wa kufundisha Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Ningeweza kuchukua cheti kama CELTA, saa 120 hivi, ambazo 6 unafundisha huku unaangaliwa, ila mimi nilitaka na utafiti.

Sasa niko kwenye mazoezi hapa Moshi, darasa la jioni la wapagazi wa mlimani. Mkufunzi anakaa nyuma na saa yake, anapima nani anaongea zaidi, mimi au wao. (Mimi, bila shaka. Walimu tuna maneno!) Na kunikataza kuuliza "mmeelewa?" alikuwa sahihi, maana Mtanzania gani atamjibu mwalimu "hapana"? Unatakiwa uulize swali litakaloonyesha kama wameelewa.

Jana niliandika ubaoni: "He used to carry bags" (zamani alikuwa anabeba mizigo, sasa habebi). Nikauliza, je, bado anabeba? Wengi wakaitikia ndiyo. Kaka mmoja wa Marangu akakataa: "Hapana, ticha. Siku hizi ni guide, anaongoza watalii, sisi ndio tunambebea!"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi naye alicheka, ila saa hakuisimamisha.