Tumetoka kwa nani?

Jana barazani hapa Mikindani niliwasomea vijana wa mtaani sura ya riwaya ninayowaandikia. Ni ya binti wa Kiyao anayetembezwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, shingo kwenye kongwa, ule mti wa kufungia watumwa, nyuma ya wapagazi wa pembe za ndovu. Nilitegemea waulize habari za minyororo. Wapi! Mmoja wa kidato cha pili, vidole vimejaa wino, akanitazama: "Mama mdogo, sisi tumetoka kwa waliouzwa au waliouza?"

Mzee mmoja akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.

Kweli tupu, huku kwetu watu wa kabila moja walikamata na walikamatwa. Nikawaambia soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini Tanganyika sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1922. Juzi hapo! Kuna wazee wetu waliolelewa na watu walioyaona mambo hayo.

Sura ya nne naianza upya. Binti akishakuwa huru ataulizwa ukoo wake, na hapo kwangu ndipo pazito kuliko safari nzima. Wenye bibi zao Wayao, niulizieni majina ya kike ya zamani.