Nitakuombea

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimechomwa na neno "ahsante". Jumanne usiku dada mmoja katika imani alinitumia ujumbe: "Mtoto ameruhusiwa kutoka hospitali. Ahsante sana kwa maombi yako." Nikabaki nimeishika simu. Wiki tatu nyuma, aliponieleza ugonjwa wa mwanawe, nilimjibu, "Nitakuombea." Sikuomba, hata mara moja. Wala sikukusudia kumdanganya. Lilinitoka tu, kama mtu anavyosema "haya" akiwa ameshageuka kwenda zake.

Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alifundisha kwamba maneno ni ishara. Moshi nao ni ishara: ukiuona unajua pana moto, ingawa moshi wenyewe haukukusudia kukwambia lolote. Maneno sivyo. Hayo tunapeana kwa hiari, ili kilichomo moyoni mwangu kifike moyoni mwako. Tena maana haikai ndani ya sauti. Alitoa mfano wa "beta": kwa Mgiriki ni jina la herufi, kwa Mlatini ni mboga. Nasi tunalo "kaa": yumo wa baharini, lipo la moto, na kuna kuketi. Sauti ni ile ile. Kinachobeba maana ni mapatano yetu sisi tunaoisema. Ndiyo maana Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba nisipoijua maana ya sauti, mimi na anenaye tutakuwa wageni sisi kwa sisi.

Hapo ndipo niliposhikwa. Moshi hauwezi kudanganya, ila mimi naweza. Na kama neno linasimama juu ya mapatano, basi "nitakuombea" si langu peke yangu. Ni mali ya kanisa zima. Kila ninapolitamka bila kuomba, nalichakaza kwa wote. Kesho ndugu mwingine atamwambia mgonjwa "nitakuombea" akimaanisha kwa machozi, na mgonjwa atasikia salamu tu.

Ndugu zangu, tumefika pabaya. Tunajibu "Amina" kwenye maombi ambayo hata hatukuyasoma hadi mwisho. Amina! Neno lile limetoka kwenye Kiebrania, na mzizi wake ni kuwa imara, kitu cha kutegemewa. Kiarabu kina mzizi huo huo, na kwa njia hiyo sisi tukapata amini, imani, amana, uaminifu. Sikilizeni zinavyofanana. Mtu akikuletea shida yake ukamjibu Amina, umepokea amana. Sasa amana za watu tumeziweka wapi? Yakobo aliwakemea waliomwambia mwenye njaa "enendeni kwa amani, mkaote moto na kushiba" huku mikono yao mitupu. Maneno yale hayakuwa na kosa hata moja, ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Mungu wetu hasemi hivyo. Kwa Isaya ametwambia kwamba neno litokalo kinywani mwake halitamrudia bure, na katika Yohana Neno lenyewe likafanyika mwili. Tukiitwa kwa jina lake, tusiwe watu wa sauti tupu. Kama huna nafasi ya kuomba, mwambie mwenzako "pole", na uimaanishe. Kama umesema utaomba, omba palepale kabla hujafunga simu, hata sentensi mbili.

Nilimpigia dada yule Jumatano asubuhi. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuomba, na kwamba ahsante yake hainistahili. Alinyamaza muda mrefu, nami sikuthubutu kujaza ukimya ule. Kisha akasema, "Ijumaa anarudi kwa daktari, mpendwa." Tukaomba hapo hapo kwenye simu, nikimtaja mtoto kwa jina lake. Jina hilo ilinibidi nimuulize kwanza.