Sekunde Tatu Baada ya Swali

Nilichagua kumkagua mwalimu huyu siku ile kwa sababu ya ratiba yake: somo moja la hisabati kuhusu sehemu (kama robo na theluthi), mikondo miwili, mmoja kipindi cha kwanza asubuhi, mwingine kipindi cha mwisho. Andalio moja, zana zilezile. Kilichobadilika zaidi ni hali ya mwalimu (wanafunzi nao huchoka, hilo nililizingatia).

Nilikaa nyuma na saa ya kuhesabia sekunde na karatasi yenye safu tatu: muda tangu swali liishe hadi mtu aseme neno, nani kajibu, na mwalimu kalifanyia nini jibu, kalipokea tu, kalisahihisha au kalichimba. Tangu miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na wasiozoea kunyoosha mkono hujitokeza.

Asubuhi alisubiri. Aliuliza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo ilhali nne ni kubwa kuliko tatu, kisha akanyamaza huku macho yakitembea darasani. Mwanafunzi mmoja akaanza, akakosea, akajirekebisha mwenyewe.

Kipindi cha mwisho aliuliza swali lilelile na kulijibu mwenyewe papo hapo. "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa pamoja kuwa ndiyo. Nilipopita kwenye madaftari, wengi walikuwa wameandika robo kuwa kubwa. Safu yangu ya pili ilikuwa na watatu wa mbele tu.

Hakuwa mkali. Alitabasamu kama asubuhi, na dodoso la haiba, yaani la kupima hulka ya mtu, lingempa alama zilezile. Haiba ina uhusiano na ufanisi wa kufundisha, ila ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na haielezi tofauti ya saa chache kwa mtu yuleyule. Ukimya ni kazi: unashikilia swali kichwani, unavumilia macho yanayokutazama, unasoma nyuso, unaandaa swali linalofuata. Akili iliyochoka hukata njia, na njia ya mkato ni kujibu mwenyewe. Kwa hiyo uchovu huanza kuonekana hapo, mwalimu akiwa bado mpole na bado anajua somo lake.

Tulipokaa baadaye sikumwambia apumzike. Alikuwa ameshika zamu ya kusimamia wanafunzi wakati wa mapumziko na rundo la madaftari lilikuwa mezani. Tulikubaliana swali zito liandikwe ubaoni mwanzoni mwa kipindi, kila mmoja aandike jibu lake kwa dakika moja, ndipo mikono inyooshwe. Hapo zoezi lenyewe ndilo linalosubiri, hata nguvu za mwalimu zikiisha. Madaftari ya siku hiyo asahihishe swali moja tu, lile linalofichua kosa.

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na kisanduku kimoja cha ufanisi. Nilijaza fomu mbili, nikaandika saa ya kipindi juu ya kila moja. Ofisi ikazirudisha, ikitaka wastani.