Kuhe alikuwa mtamu, mawese yakabaki jikoni

Naanza na kuhe, maana anastahili kutajwa kwanza. Aliletwa mzima, kichwa na mkia, ngozi imekaukia motoni na nyama ya ndani bado ina maji yake. Kwa wasiomjua, kuhe hapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika, na katika jamii ya kina sato na perege yeye ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Mimi ni mpishi kwenye mgahawa mmoja Bremen, Ujerumani, na najua ilivyo kazi kumtoa samaki wa ukubwa ule kwenye makaa kabla hajawa mkavu. Aliyemchoma yule ni fundi, na nilimwambia hivyo mwenyewe.

Ilikuwa hoteli ya kifahari kando ya ziwa, Kigoma mjini. Jina naliacha. Nilikuwa nyumbani likizo, nikamchukua mama pamoja na shangazi yangu wa Ujiji twende tukale mchana. Mama ameishi Kigoma umri wake wote na hakuwahi kuvuka lile geti. Siku zote aliamini ni mahali pa watalii wanaosubiri boti ya Gombe au Mahale.

Tulipoketi, menyu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mwisho. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mpole, shikamoo aliwapa wote wawili, lakini menyu alinikabidhi mimi peke yangu, kisha akaniuliza, "Dada, na hawa wazee watakula nini?" Wazee wenyewe wamekaa mbele yake. Mama alinyamaza. Shangazi hakunyamaza: "Baba, mdomo ninao. Niulize mwenyewe." Kijana aliomba radhi papo hapo, na kuanzia hapo aliwahudumia vizuri mno. Simlaumu yeye. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa na watu wa kunisahihisha kila zamu. Yeye alituambia alipewa sare na kuingizwa ukumbini.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Liemba, na hapo mama alichangamka. Aliwahi kupanda meli ile hadi Kasanga enzi za biashara yake, akamsimulia kijana namna mitumbwi ilivyokuwa ikiizunguka katikati ya maji kupakia watu na mizigo. Nami nikaongeza la kwangu: iliundwa Papenburg, mji usio mbali na ninapoishi, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku, na mwaka 1915 ikashushwa majini hapa hapa Kigoma. Yalikuwa mazungumzo matamu kuliko yote ya mchana ule. Lakini yalinifanya niitazame menyu upya. Wenye hoteli wanajua kwamba Kigoma ina thamani ya kuwekewa fremu. Mbona sahani haina Kigoma?

Palikuwa na tambi, kuku wa krimu, aina tatu za chipsi. Kuhe aliandikwa ubaoni, samaki wa siku. Migebuka hakuna. Dagaa hakuna. Mawese hayakutajwa hata mara moja, katika mkoa unaojulikana nchi nzima kwa michikichi, ambao serikali tangu 2018 inauhimiza kupanda michikichi zaidi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu za tenera, aina ya mchikichi inayotoa mafuta mengi, kwa ajili hiyo. Kuhe wetu, kwa utamu wake wote, alizungukwa na chipsi na karoti za kuchemsha. Shangazi aliomba ugali wa muhogo. Kijana alikwenda, akarudi na jibu kwamba labda sembe. Hiyo sembe ilifika samaki ameshapoa.

Shangazi anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, biashara yake ilisimama na akavumilia. Nilimtazama akisoma kwa shida orodha ya vyakula isiyo na samaki anayemlisha, tena mita chache kutoka majini, na iliniuma kweli.

Huku Bremen baridi inapoingia watu hufanya kitu ninachokipenda sana. Marafiki, majirani, wafanyakazi wa ofisi moja, wanatembea kwa miguu hadi migahawa ya vijijini kula mboga inayofanana na sukuma wiki, iliyopikwa kwa muda mrefu na soseji iitwayo Pinkel. Ni chakula cha wakulima. Migahawa yenye vitambaa vyeupe mezani nayo inakiandika bila aibu, na wateja wanakisubiri mwaka mzima. Dagaa wetu nao wana majira yao, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inabaki ufukweni. Mpishi angeweza kuandika ubaoni: wiki hii mwezi mpevu, dagaa wabichi hakuna. Mgeni angejifunza ziwa kupitia tumbo lake.

Nilipoomba kumshukuru mpishi, nilipelekwa hadi mlango wa jikoni. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kasulu. Na hapo nikasikia harufu. Pembeni ya jiko palikuwa na sufuria ya dagaa wabichi waliopikwa kwa mawese na nyanya chungu, na ugali wa muhogo umefunikwa na sahani. Kilikuwa chakula cha wafanyakazi.

"Mbona hiki hamkitoi, mama?"

"Mwanangu, hicho si cha wageni. Tumeambiwa wageni hawakipendi."

Hakuna mgeni aliyewahi kuulizwa. Nilimwomba kidogo, akatupakulia bakuli zima, na mama na shangazi waliacha chipsi zote. Nimekula kwenye migahawa mingi kwa sababu ya kazi yangu, na nasema kwa uhakika kwamba bakuli lile lilistahili kutolewa mbele ya mgeni yeyote wa nchi yoyote, kwa bei kamili. Mchuzi ulikuwa mzito, mwekundu, uchungu wa nyanya ukikata mafuta inavyotakiwa. Ufundi ule ule wa kuhe.

Bili ilipokuja, dagaa hawakuwemo. Niliomba waandikwe. Msichana wa kaunta akasema kwenye kompyuta hakuna jina la chakula hicho, kwa hiyo hawezi kukitoza. Nikampa mpishi pesa mkononi, alikataa, shangazi akamshurutisha akapokea.

Meneja alinisikiliza kwa heshima. Nilimwambia mambo matatu tu: menyu iwe na Kiswahili, wazee waulizwe wenyewe, na sufuria ile iingie kwenye kompyuta. Alisema atazungumza na wenye hoteli. Shangazi naye amesema yuko tayari kuwaletea dagaa kutoka Kibirizi kila asubuhi wakiwataka, na namba yake ya simu meneja ameichukua.